Sentensi Aliyoiacha Mumewe

Walimu na wanafunzi walimwita Mwalimu Koma, na jina lenyewe lilimkaa kotekote. Hakuna insha iliyopita mikononi mwake bila kujazwa koma kwa kalamu nyekundu, na darasa likianza kelele, neno lake lilikuwa hilohilo: "Koma." Siku hizi alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, mjane, na kustaafu kulikuwa kumekaribia.

Muhula ule mwalimu mkuu alirudi kutoka semina akiwa moto kweli kweli. Shule, alisema, inahitaji dira na dhamira mpya, na safari hii zitungwe kwa pamoja, wazazi na wanafunzi wakiwemo. Kazi ya kuandika akatupiwa Mwalimu Koma. Hakukataa. Kukataa nako kulitaka nguvu, na nguvu hizo hakuwa nazo.

Walikutana maktaba, kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kifuani: mwalimu mkuu, mwalimu wa fizikia ambaye bado alikuwa kijana, mwenyekiti wa wazazi aliyekuwa na duka la dawa, na kiranja mkuu, msichana mrefu asiye na maneno mengi. Mchana mzima ukaliwa na neno moja.

"'Kimataifa' liwemo," mwenyekiti alishikilia. "Shule ya jirani wanalo."

"Jirani hawana hata maji," alisema mwalimu wa fizikia.

"Lakini neno wanalo."

Wakacheka. Mwalimu Koma akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni, nyumbani, wifi yake alikuwa akikunja nguo sebuleni. Waliishi pamoja tangu msiba. Wifi hakuzunguka mbuyu.

"Nasikia mnabadilisha maneno ya ukutani. Na sentensi ya kaka?"

"Hatujaifikia, wifi."

"Usipoitetea wewe, ataitetea nani?"

Mwalimu Koma alivua kitambaa cha kichwa, akaketi. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Kila mtoto atajulikana kwa jina lake. Shule ilipokuwa changa, yeye na mumewe wote wakifundisha pale, mume ndiye aliyeng'ang'ania iandikwe. Wenzake walimwona wa ajabu, maana watoto wenyewe walikuwa wachache, nani asingewajua? Alipofariki, hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa kumstahi mkewe.

Kikao cha pili kikaifikia sentensi hiyo. Mwalimu mkuu alikohoa kidogo.

"Hii tuiache kama ilivyo, dada. Ni ya mwenzio."

Mwalimu Koma aliweka kalamu mezani.

"Ifuteni," alisema.

Walidhani hawakusikia vizuri.

"Leo asubuhi nilimrudishia mtoto daftari, nikamwita 'wewe wa dirishani'. Anakaa pale tangu mwaka uanze. Wamebanana kwenye madawati mpaka wengine wanaandikia mapajani, na mimi nasahihisha huku nasinzia. Siwajui. Kila siku napita mbele ya ukuta ule nikiinamisha macho. Mume wangu hakuwa mtu wa uongo, angeifuta yeye mwenyewe."

"Lakini dira si taarifa ya tulichofanya," alisema mwalimu wa fizikia kwa upole. "Ni tunakotaka kwenda."

"Na sisi tulisema hivyohivyo, mwanangu."

Hapo ndipo kiranja aliponyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Mimi nilipohamia hapa niliisoma ile sentensi. Nikawa nangoja."

"Ukingoja nini?" Mwalimu Koma aliuliza.

"Kuitwa. Nilikaa muhula mzima. Halafu wewe ndiye uliyeniita, mwalimu, tukiwa kwenye foleni ya bomba."

Mwalimu Koma alimtazama sana. Hakukumbuka foleni, wala siku hiyo. Hakujua afurahi au aone haya. Alichohisi hasa ni uchovu uliomshukia mabegani kama gunia lililolowa mvua.

"Muhula mzima ni mrefu," alisema mwishowe.

"Ni mrefu," msichana alikubali.

Mwalimu wa fizikia akasema kuna chumba kilichojaa viti vibovu, kikisafishwa, yeye yuko tayari kuchukua nusu ya darasa la Mwalimu Koma. Mwalimu mkuu alilalamikia ratiba weee, akashika kichwa, kisha akakubali. Sentensi ikabaki. Mwenyekiti naye akapata "kimataifa" yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pumzi ya kubishana tena.

Dira iliposomwa kwenye mkutano wa wazazi, "kimataifa" ndiyo iliyopigiwa makofi. Wifi, aliyekuwa amekaa nyuma, alifuta macho ilipofika ya kaka yake, na njiani kurudi akasifu jinsi wifi yake alivyoitetea. Mwalimu Koma alitaka kumweleza ilivyokuwa, lakini maelezo yalikuwa marefu na kilima kilikuwa bado mbele yao. Akamshika mkono tu, wakapanda taratibu.

Mwaka wake wa mwisho aliumaliza na nusu ya darasa iliyobaki kwake. Majina aliyashika karibu yote, kwa taabu, akiyarudiarudia huku anapika. Waliomshinda ni mapacha wawili wa nyuma. Mpaka anaondoka alikuwa akimwita huyu kwa jina la huyu, nao walishazoea kuitikia kwa pamoja.