Nilirekodi Mikono Tu

Kazi yangu ni kupiga video na kuwasaidia wasomi wa vyuo waeleze utafiti wao kwa lugha ya watu. Namshukuru Mungu kwa kuniachia macho mpaka umri huu. Nikitoka nyumbani Ngokolo kwenda machimbo ya Geita, nina desturi moja: asiyetaka kujulikana namrekodi mikono tu, na siondoki kabla hajajitazama kwenye kamera na kuridhika.

Mtafiti mmoja alitaka kuonyesha jinsi moshi wa zebaki, ile inayonasia dhahabu, unavyoingia majumbani. Nilimpeleka kwa mama anayeosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, yaani eneo la kuoshea, wa tajiri mmoja. Tajiri yule alitaka kila mtu achomee dhahabu palepale, ili yeye akate fungu lake. Mama alichomea jikoni kwake, kwa siri.

"Sura yangu isionekane, baba," aliniambia. "Nikifukuzwa pale, wanangu watakula nini?"

"Usiwe na wasiwasi, mama," mtafiti akadakia. "Haitaonekana."

Nikarekodi mikono, koleo juu ya makaa, na moshi ukipita kwenye masufuria. Alipojitazama aliangua kicheko. "Mikono kama ya mwanamume! Hata mume wangu ataikana."

Akatukaribisha ugali na mlenda. Tukiwa tunakula, mtafiti akatoa simu yake. "Ya kumbukumbu tu, mama." Akamrekodi akicheka. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa ukarimu ule.

Mtafiti aliihariri filamu mwenyewe, ikaonyeshwa kwenye mkutano wa wachimbaji. Mikono ilipomaliza kuchoma, sura ya mama ikajaa ukutani, anacheka, tonge mkononi. Tajiri wa mwalo alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Nilimvuta mtafiti nje. "Ulimwambia ni ya kumbukumbu."

"Mzee wangu, mikono haimgusi mtu. Watu wanataka sura." Akarudi ndani kupigiwa makofi.

Kesho yake beseni la mama lilitupwa nje ya mwalo.

Nilisali mpaka hasira ikapungua, ndipo nikaenda kwa yule mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa kama siku zote. Nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo. Kisha akalitazama begi langu la kamera.

"Hilo, baba, naomba likae nje."

Nikainuka, nikaliweka uani juani, nikarudi kuketi.