Meno Yaliyoharakishwa

Mnamo 1983, aliyepoteza meno mjini Bunia alielekezwa mtaa wa Mudzipela kwa Kule, fundi wa meno ya bandia. Kule alichanganya unga na dawa ya maji, akaujaza kwenye kalibu ya plasta, kisha akaichemsha sufuriani juu ya makaa. Yaliyoendelea ndani aliyajua vema: joto huamsha chembe moja, nayo hushika jirani yake, jirani hushika mwingine, mpaka unakuwa mnyororo mrefu, mgumu. Kila zinaposhikana, chembe hutoa joto lazo zenyewe. Ndiyo maana moto sharti uwe mdogo.

Mwalimu Hélène aliyangoja meno yake mlangoni, kitambaa mdomoni. Shule ingefunguliwa kesho.

"Muzee Kule, bado?"

"Bado, madamu. Hii kazi haipendi mbio."

"Batoto batanicheka darasa nzima! Ongeza moto kidogo!"

Kule alimhurumia. Akapepea makaa mpaka maji yakatokota.

Alipofungua kalibu, aliona kosa lake. Joto la minyororo lilikuwa limeongezeka juu ya lile la makaa, na dawa ambayo haijashikwa ikachemka humo ndani. Ufizi wote wa bandia ulikuwa na vitundu kama mkate. Chupa ya dawa ilikuwa tupu, na nyingine ingetoka mji wa Ariwara, Mungu ajua lini.

"Yatavunjika," alisema.

"Leo?"

"Sijui, madamu. Pengine kwa muhindi ya kuchoma, pengine kwa kikohozi tu."

Hélène akayavaa, akajitazama kiooni, machozi yakimlengalenga.

"Basi nitafundisha bila kucheka," akasema, akaenda zake.