Spika Akiambiwa Ashike Pumzi

Mnadi wa mitumba aliyebandikwa jina la Spika hakuwahi kuacha sauti impite bila kuijibu. Sokoni, mtu akikohoa tu, keshamuuzia koti. Lakini siku hizi ngazi za mlangoni kwake tu zilimtoa ulimi. Anataja bei, anakaa juu ya robota kutafuta pumzi, huku mteja kaondoka zake.

"Kitambi hicho," shemeji yake akakata hukumu, naye chake kilitangulia kuingia.

Hospitalini, kipimo cha moyo kikaonyesha presha, tena si ile ya kupimwa kwa kufungwa mkono. Hii ilikuwa ya mishipa ya mapafu.

"Ina sababu nyingi, na kila sababu ina tiba yake," daktari akasema. "Picha ya CT itatusaidia kujua. Tukibahatisha, mnada usahau."

Spika akanywea.

Chumba cha picha kilikuwa baridi kama bucha. Mpiga picha, dada mmoja asiye na masihara, akamlaza, akamchoma sindano ya mkononi. "Baba, nikisema shikilia pumzi, usiongee. Dawa hii ya kuonyesha mishipa itakupa joto mpaka chini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea."

Spika hakusikia hata nusu. Alikuwa anauliza kama mashine ilinunuliwa mpya au mtumba.

Kitanda kikaingia ndani ya mashine. "Vuta pumzi! Shikilia!"

"Nimeshika, dada yangu!" Mara joto likashuka. "Mama wee, nimejikojolea!"

Dada akatoka nyuma ya kioo, mikono kiunoni. "Baba, huku tunapiga picha, hatupigi mnada! Picha nzima ukungu! Narudia mara moja tu. Ukibwata tena, daktari atabahatisha."

Mkewe, aliyemsindikiza, akachungulia mlangoni. "Baba watoto, chukulia mama yangu anauliza nani kamaliza nyama."

Hapo sasa Spika alikuwa na uzoefu wa kunyamaza.

"Vuta pumzi! Shikilia!" Jibu likapanda mpaka kooni, akalimeza. Joto likaja, akafumba macho. Masikio yakamvuma.

"Pumua, baba."

Daktari akawaonyesha kwenye skrini. "Damu iliyoganda zamani imeziba mishipa hapa, na hapa. Tunaanza dawa leo, na wapasuaji wataangalia kama inatoleka. Kuna matumaini."

"Pumzi itarudi?" Spika akauliza kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Sehemu kubwa, tukijaliwa."

Mkewe akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akamsogelea daktari. "Mrudishieni pumzi ya sokoni, daktari. Ile ya nyumbani mbaki nayo."