Maji ya Bahari Niliyompa Bibi

Kijiji chetu cha Ujamaa, nje kidogo ya Tabora, kilipeleka kikundi cha ngoma kwenye maonyesho Dar es Salaam kwa lori, nami nikiwemo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Kabla sijaondoka, bibi alinipa chupa tupu.

"Baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani," aliniambia. "Aliporudi alisema maji ya kule yana chumvi, watu wakamcheka. Niletee nionje, mjukuu wangu."

Pwani tulioga hadi macho yakatuwasha, kisha tukakimbilia bembea za kuzunguka kwenye viwanja vya maonyesho. Nilipanda mara nne. Chupa niliikumbuka tukiwa njiani kurudi, tumeshafika Singida. Nikaijaza bombani, nikaomba chumvi kwa mama mmoja muuza chakula, nikaitikisa.

Bibi alionja, akafumba macho. "Kumbe baba hakuwa mwongo."

Akawaita majirani waonje, mmoja mmoja, nami nikapokea shukrani zao. Mmoja aliniuliza bahari ina rangi gani. Nilimjibu huku nikiitazama chupa.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikumwambia.