Samaki wa Hana na Dende Wetu

Karibu wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya samaki.

Najua inachekesha. Nimemaliza chuo, sijapata kazi ya kudumu, na kampuni moja ya mtandaoni imenipa kibarua cha kuandaa masomo ya Kiingereza kwa watoto wa Kicheki. Somo langu ni majina ya wanyama. Kila ukurasa una picha, neno na zoezi jepesi, na mwishoni wanataka kisanduku kidogo cha kufurahisha kuhusu desturi ya watoto wenyewe. Wamependekeza niandike juu ya samaki anayewekwa hai kwenye bafu, lile hodhi la kuogea, kabla ya Krismasi. Ni mistari minne tu. Mtu mwingine angeimaliza huku akinywa chai. Mimi niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, nikijiuliza kama nimwandike samaki huyo peke yake kama nilivyoagizwa, au nimweke kando yake mnyama mwingine ambaye hakuna aliyemwomba.

Katikati ya mahangaiko hayo nilipita mbele ya karakana ya seremala kwenye barabara ya Umbilo, hapa Durban, na harufu ya maranda ya mbao ikanisimamisha. Kwa wengi hiyo ni harufu ya kitanda kipya au kabati jipya. Kwangu mimi ni harufu ya kizimba kilichokuwa nyuma ya darasa letu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka minane na mama yangu alikuwa bado anaamini kwamba shule itatutengenezea mambo yetu.

Tulitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sababu ya vita. Sitaeleza njia tuliyopita, maana kila aliyetoka kwetu ana yake na zote zinafanana. Tulifikia mtaa wa Umbilo, Durban, huku Afrika Kusini, kwenye chumba kimoja cha fleti tuliyoishi na familia nyingine mbili, na mama akapata kazi ya kusuka nywele kwenye saluni huko Overport. Jioni alirudi na vidole vimevimba, ananuka mafuta ya nywele, lakini kabla hajavua viatu aliniuliza, "Faida, leo umesoma nini?" Nikimtajia neno moja la Kiingereza, alilirudia polepole kama anayeonja chumvi kwenye mboga.

Shuleni waliniweka kwenye chumba cha watoto wasiojua Kiingereza. Mwalimu wetu tulimwita Mem, kama watoto wote wa pale walivyowaita walimu wa kike. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, na nasema kweli, hakuwa mkali. Mezani kwangu alikaa msichana wa Kicheki aitwaye Hana, ambaye baba yake alikuja Durban kutengeneza mashine za bandarini. Hana alikuwa na kadi za wanyama. Mama yake aliziagiza kutoka kwao, na kila kadi ilikuwa na picha, neno la Kiingereza, na chini yake neno la Kicheki. Kadi za Kiswahili hazikuwepo, basi mimi nikajifunza Kiingereza kwa kupitia Kicheki. Nilijua kwamba paka ni "kočka" kabla sijajua kwamba ni "cat". Hana naye alinidai majina ya kwetu, akayatamka vibaya kwa bidii kubwa, na tukacheka hadi Mem akatutenganisha.

Kizimba chenye maranda kilikuwa cha simbilisi. Kama hujawahi kumwona, ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene, mwenye miguu mifupi na sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Huyu wa darasani aliitwa Biskuti, na watoto walipokezana kumlisha karoti. Siku niliyomwona mara ya kwanza nusura nilie kwa furaha. Kwetu Bukavu mnyama huyo tunamwita dende, na jikoni kwa bibi yangu walikuwepo wengi, wakikimbia chini ya meza na nyuma ya mafiga. Sisi watoto tulikuwa wachungaji wao. Tuliwakatia majani, tuliwapa majina, tuliwahesabu jioni. Akija mgeni wa heshima, bibi alichagua mmoja aliyenona. Tulinung'unika kidogo, kisha tukagombania miguu ya nyuma. Hapakuwa na siri wala aibu katika jambo hilo.

Mwisho wa muhula ulipokaribia, Mem alitangaza kwamba atatupima. Atakayefanya vizuri ataingia darasa la tatu na wenzake wa umri wake. Atakayeshindwa atarudishwa la kwanza, akae na watoto wa miaka sita. Mama alipata habari hiyo akaisambaza fleti nzima. Baba Josué, jirani yetu wa chumba cha pili, alikuwa akinipita koridoni ananiita waziri kwa Kifaransa na kuniuliza jina la mnyama kwa Kiingereza, "Ministre, tembo banasema aje?" Nikijibu vizuri alinipigia saluti. Mama alishanunua sketi ya shule ya kipimo cha darasa la tatu, kubwa kidogo, ili nikue ndani yake.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Mezani palikuwa na vikapu vitatu, kimoja cha wanyama wa nyumbani, kimoja cha shambani, kimoja cha porini. Mtoto anachukua kadi, anataja jina, anaiweka kikapuni, kisha anasema chochote anachokijua kuhusu mnyama huyo. Wengine wote tunakaa kwenye zulia tukitazama. Mvulana wa kwanza aliweka tumbili kwenye kikapu cha nyumbani. Mem akamwambia tumbili anaishi porini, na wakati uleule, ukutani nje ya dirisha, tumbili mzima alikuwa ameketi anakula mkate wa mtu. Tulicheka sote, na Mem akacheka, akampa alama yake. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba hii ilikuwa siku njema.

Hana akaitwa. Alitaja wanyama wake bila shida hadi akamfikia samaki, akamweka kikapu cha nyumbani.

"Samaki anaishi nyumbani, darling?" Mem aliuliza.

"Ndiyo. Kwenye bafu," Hana akasema. "Kabla ya Krismasi. Mimi namwita Pepík. Siogi, kwa sababu Pepík yuko ndani. Halafu baba anampiga kichwani na sisi tunamla."

Mem alicheka hadi akavua miwani. Alifungua mlango akamwita mwalimu wa darasa la jirani, akamwomba Hana arudie. Hana akarudia, safari hii akionyesha kwa mkono baba anavyopiga. Walimu wote wawili walishikana mabega. "Desturi nzuri kama nini," yule wa pili alisema, na Hana akarudi zuliani uso umemwiva kwa raha.

Nikaitwa mimi. Nilitaja kuku, mbuzi, simba, kiboko, na kila jina nililisema sawasawa. Kisha nikageuza kadi ya simbilisi, na moyo ukaruka. Nilikuwa nimeshaona ni hadithi ya namna gani inayompendeza Mem. Nilikuwa na moja bora zaidi, na maneno yote ya kuisimulia nilikuwa nayo. Niliiweka kadi kikapu cha nyumbani, nikasimama wima, nikasema kwa Kiingereza changu safi, "Guinea pig. Anaishi jikoni. Watoto wanampa majani na jina. Mgeni akija, tunamla."

Nikasubiri kicheko.

Kilichosikika ni Biskuti akila karoti yake. Halafu msichana mmoja mbele akaanza kulia, na mwingine akakimbia kwenda kusimama mbele ya kizimba, mikono ameitandaza. Mem alivaa miwani yake. Alinyoosha mkono akaichukua ile kadi kwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Hapa hatusemi mambo kama hayo, Faida."

"Na sisi tunakula sungura," Hana akasema kutoka zuliani. Alikuwa hajaelewa kwamba hali imebadilika. "Bibi yangu, ana wengi, na wao wana majina."

"Hiyo ni tofauti, darling," Mem akamjibu.

Wakati wa mapumziko Hana alinifuata kwenye ngazi. Akaniuliza, "Ni tamu?"

"Kama kuku," nikamwambia, na ndiyo mara yetu ya mwisho kucheka pamoja kwenye chumba kile. Kesho yake jina langu halikuwemo tena kwenye zamu ya kumlisha Biskuti.

Wiki iliyofuata mama aliitwa shuleni. Aliomba ruhusa saluni, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye kiti kidogo cha watoto na mkoba juu ya magoti. Alikuwa hajui Kiingereza, kwa hiyo mfasiri nikawa mimi. Mem alizungumza kwa upole, akimtazama mama usoni. Alisema mimi ni mtoto mzuri, ila Kiingereza changu bado hakitoshi, na itakuwa vyema kwangu nikianza upya darasa la kwanza.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

"Anasema sijui Kiingereza. Narudi la kwanza."

Mama akanigeukia. "Sasa weye umemusikia namna gani?"

Mem akauliza mama amesema nini, nami nikamwambia mama anashukuru. Mama akainama kidogo, akatoa neno moja la Kiingereza alilokuwa nalo siku zote tayari, "Thank you," na tukatoka.

Njiani hakunigombeza. Tulisimama kwenye robot, taa ya barabarani ya Umbilo, hadi ikawaka kijani mara mbili bila yeye kuvuka. Tulipofika nyumbani aliikunja ile sketi mpya akaiweka chini ya godoro, akasema, "Kuanzia leo, hapa mu nyumba ni Kingereza tu. Kiswahili iko inakuharibu." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye aliyekuwa akinisimulia mambo ya saluni hadi nasinzia, sasa alikuwa na maneno machache: come, eat, sleep, book. Kwa miaka niliishi na mama aliyeniambia maneno manne. Baba Josué aliacha kuniita Ministre. Sketi ilipotolewa chini ya godoro ilinitosha bila kukunjwa.

Kwa muda mrefu nilidhani nilishindwa kwa sababu ya lugha, na nikaifuata lugha hiyo hadi chuo kikuu kama anayemfukuza mwizi. Nimechelewa sana kuona kwamba nilitaja kila mnyama bila kukosea. Kama Kiingereza changu kingekuwa pungufu kidogo, ningesema "guinea pig" nikanyamaza, na ningeingia la tatu. Nimechelewa zaidi kumwelewa mama. Swali lake la jinsi nilivyomwelewa Mem lilikuwa limeshajibu kila kitu, na yeye alilijua jibu pale pale kwenye kiti kile kidogo. Lakini alikuwa na karatasi za ukimbizi zenye tarehe ya kuisha, hakuwa na shule nyingine ya kunipeleka, na aliona ni salama zaidi kuilaumu lugha yetu kuliko kumlaumu mtu aliyekaa mbele yake.

Hana simlaumu. Samaki wake alikuwa wa kweli na aliusema ukweli wake. Ndiyo maana kisanduku hiki kilinishinda. Kumwacha samaki nje ni kumwadhibu asiye na kosa, na kumwandika peke yake ni kukaa tena zuliani nikisubiri zamu yangu.

Juzi niliwaandika wote wawili. Mistari minne ya samaki wa bafuni, mistari minne ya dende wa jikoni Bukavu, herufi za ukubwa mmoja, na picha ya kila mmoja. Jana asubuhi kampuni ilinijibu kwa adabu. Kisanduku cha samaki wamekipenda sana. Cha pili wanaomba nikiondoe, kwa kuwa kinaweza kuwasikitisha watoto.

Kwa kawaida kujibu barua kama hiyo hunichukua siku tatu. Niliandika kwamba visanduku hivyo ni kimoja, kwamba wavichapishe vyote au waviondoe vyote, na kwamba kama hawawezi, kazi wampe mwingine. Nikaituma kabla sijaanza kuisoma tena.