Madoa Mekundu ya Tisini na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chuo kilifunguliwa saa mbili. Msidhani ilikuwa bidii. Kutoka kwangu hadi tawi letu la Kitengela ni mwendo wa dakika nne, ila sikuwa nimewahi kuajiriwa popote, kwa hivyo sikujua watu hutoka nyumbani saa ngapi. Askari wa lango alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Bosi, umekuja kuiba ama kuripoti?"

Nikamwambia bado sijaamua.

Barua yangu ilisema mimi ni Karani wa Michoro. Nilikuwa na cheti cha Form Four, na alama yangu ya hisabati sitaitaja hapa kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora gridi, yaani picha ya viboksi kama karatasi ya daftari la hesabu. Kila kiboksi tunakiita seli. Unaandika amri kwenye programu ya hisabati, kompyuta inakokotoa nambari ya kila seli na kuipa rangi, kisha wakufunzi wanaitumia kuwaonyesha wanafunzi wa ualimu jinsi nambari zinavyojipanga.

Gridi niliyoichora zaidi ni ile ya mabaki. Chukua kumi na mbili; safu na mistari inaanzia moja na kuishia kumi na moja, yaani moja kabla ya nambari yenyewe. Zidisha nambari ya safu kwa nambari ya mstari, gawanya kwa kumi na mbili, ubaki na kinachobaki. Kisipobaki kitu, seli inakuwa nyekundu. Tatu mara nne, nyekundu. Sita mara nane, nyekundu. Lakini ukianza na nambari tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama saba au kumi na tatu, hutaona nyekundu hata moja gridi nzima. Mara ya kwanza kuliona hilo kwenye skrini nilifikiri wino umeisha.

Baada ya miezi minne Msajili aliniita. "Nafasi ya huku inafungwa. Unahamia Kajiado, makao makuu."

Nilimuuliza kama hakuna Kajiado ya karibu zaidi. Hakucheka. Nyumbani nilifunga mto wangu, kikombe changu na slipa, na mke wangu, Mama Naserian, akaniuliza kama tunahamia Kajiado ama ng'ambo. Tukapanga nyumba nyuma ya chuo, dakika tatu. Niliokoa dakika moja katika uhamisho ule.

Huko nikawa chini ya Mkuu wa Idara ya Hisabati, mtu mrefu, chaki kwenye mikono ya koti, asiyependa kuona karatasi ikibaki wazi pembeni. Aliniagiza gridi kubwa ya siku ya walimu. Karatasi ya printa ilitosha seli tisini kila upande, kwa hivyo alitaka mabaki ya tisini na moja.

"Ni tasa," alisema. "Itatoka safi, bila nyekundu. Na ujue kandarasi yako ya majaribio inaisha Ijumaa. Nikiridhika, nitasaini uajiriwe."

Jumatano nikachapisha. Ikatoka na madoa mekundu kila mahali. Nilirudia amri mara tatu, na mara tatu yalikuwa pale pale.

Mkuu wa Idara aliikunjua mezani, akakunja uso. "Umekosea amri."

"Mwalimu, nimeangalia."

"Wewe unanifundisha mimi? Jedwali la kuzidisha lililo nyuma ya daftari nimelipitia lote. Tisini na moja haimo. Kesho walimu wanakuja. Nikikuta doa moja tu, ile barua siisaini."

Sasa, nyinyi mnaojua kompyuta mnajua kufuta madoa yale ni kazi ya mstari mmoja. Amri fupi: nyekundu iwe nyeupe. Nilikuwa na kazi ya kulinda na kodi ya nyumba mpya. Niliiandika, nikaiangalia, sikubonyeza.

Nikaibeba gridi nyumbani. Nilikuwa na mazoea ya kuanika michoro kwenye kamba ya nguo, kisha narudi nyuma hadi mlangoni kuitazama kwa mbali. Majirani walishazoea. Mama Naserian alikuwa akianua shuka.

"Baba Naserian, hii yako imefanya nini leo?"

"Imechafuka. Kesho inanifukuza kazi."

Alitupa shuka begani, akaisogelea. Huyu ni mwanamke aliyeshona shanga tangu utotoni. "Hakuna uchafu hapa," akasema. "Uchafu haujipangi hivi. Hesabu hizi nafasi."

Nikahesabu kwa kidole kama mtoto wa nasari. Safu ya saba, doa la kwanza mstari wa kumi na tatu. La pili ishirini na sita. La tatu thelathini na tisa. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye kiganja: saba mara kumi na tatu. Nikacheka mpaka mbuzi wa jirani wakaondoka.

Alhamisi ukumbi ulijaa walimu, hata wa kutoka Isinya. Nikaitundika gridi na madoa yake yote, mia moja arobaini na manne. Mkuu wa Idara akanijia kwa hasira ya kimya.

"Nilikuambia nini?"

"Mwalimu, naomba ukumbi uimbe jedwali la saba. Halafu unifukuze."

Walimu hawahitaji kuombwa mara mbili. Saba mara moja, saba! Wakapanda nayo kwa sauti ya darasa la tatu hadi saba mara kumi na mbili, themanini na nne! Wakanyamaza, kwa sababu sote tulilelewa na jedwali linaloishia hapo.

"Endeleeni moja tu," nikasema.

Mama mmoja wa nyuma akasema polepole, "Saba mara kumi na tatu... tisini na moja. Yesu wangu!"

Ukumbi ulilipuka. Mkuu wa Idara alitazama gridi, akatazama kiganja changu ambacho wino haukuwa umetoka, kisha akacheka kuliko wote. Alisaini barua pale pale, ameiegemeza kwenye gridi, na kuanzia siku hiyo hakuna mchoro wa idara uliotoka bila kupitia kamba yangu ya nguo.

Nimestaafu mwaka huu. Sasa simu inachora kwa sekunde kile nilichokichora asubuhi nzima, na sina wivu, maana kuchora hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kutobonyeza. Picha ikikuudhi, iulize kwanza.

Juzi mkufunzi mpya alinipigia. "Mzee, gridi yangu imetoa mistari nisiyoielewa, na maonyesho ni kesho. Nisafishe?"

"Umegusa kitu?"

"Bado."

"Basi ilete hivyo hivyo."

Alikuja kabla ya chai ya saa kumi, na hakuwa amefuta hata mstari mmoja.