Risasi Ndani ya Jogoo wa Wakwe

Wajukuu mtakaosoma haya, sikilizeni aibu yangu, mimi niliyewachapa kila mliposema uongo.

Juzi wazazi wa mchumba wa mjukuu wangu Mwajuma walikuwa njiani kuja kwetu Ilongero, Waislamu kama sisi. Jogoo wa kuwachinjia akatuponyoka, akarukia juu ya mgunga. Mwanangu Ramadhani ana bunduki yenye kibali, ya kulinda shamba la uwele. Nikamwambia, "Mpige. Marehemu baba yako aliisifu hiyo risasi ndogo. Haina kishindo, haichani nyama."

Marehemu alisema pia kwamba haina nguvu, ikigonga mfupa inabaki ndani. Hilo nililisahau.

Nilipofika na kisu, jogoo alikuwa amekufa kabisa. Nikamkata shingo hivyo hivyo.

"Mama, hicho ni kibudu," alisema Ramadhani.

"Nyamaza. Wageni wanaingia."

Chakula kilipotengwa, baba wa mchumba akauliza kama jogoo amechinjwa.

"Kwa bismillahi, mkwe wangu," nikajibu bila kupepesa macho.

Akala. Mara akashika shavu, akatema risasi kiganjani, akaitazama.

"Bibi," akasema taratibu, "jogoo wenu alikuwa jambazi?"

Hakuna aliyecheka. Mwajuma aliinamisha uso, machozi yakimdondoka. Nikaona namwozesha kwa uongo.

"Nimewalisha kibudu, mkwe," nikasema. "Nilijua."

Kisha nikawageukia watu wangu: "Mwageni chungu chote. Leteni mbuzi wangu, na kisu mpeni mgeni ashike mwenyewe."